Kiungo nyota wa futiboli ya Australia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu safari yake

Ukurasa huu umeandikwa kwa mashabiki wanaofuatilia AFL, ligi kuu ya futiboli ya Australia, na kwa wazazi ambao watoto wao wameanza kuucheza mchezo huu na sasa wanauliza njia ya kufika juu ikoje. Tumejikita kwa kiungo, kwa sababu ndiye anayeshika mpira mara nyingi kuliko wengine, na ndiye ambaye watu humhukumu mapema kuliko inavyostahili. Kwa kawaida huchukua misimu minne au mitano ya ligi kuu kabla kiungo hajawa yule mchezaji atakayekumbukwa. Majibu mengi hapa chini yanaeleza miaka hiyo inatumika kwa kazi gani.

Kiungo anafanya nini hasa uwanjani?

Kila timu ina wachezaji 18 uwanjani, na mechi ina robo nne za dakika 20. Saa husimamishwa mpira unapotoka au unapokwama, kwa hiyo robo moja hukaribia nusu saa. Goli kati ya milingoti miwili mirefu ni pointi 6. Mpira ukipita kati ya mlingoti mrefu na mfupi ni pointi 1.

Mchezo unapoanza, na kila baada ya goli, mpira huanzishwa katikati, ndani ya mraba wa mita 50 kwa 50. Kila timu inaruhusiwa kuweka watu wanne tu ndani ya mraba huo: ruki mmoja, yaani yule mrefu anayeruka kuugonga mpira kwa kiganja, na viungo watatu. Tangu 2019 kanuni inadai pia walinzi sita wawe nyuma na washambuliaji sita mbele mpira unapoanzishwa, huku wawili wakisimama pembeni kulia na kushoto. Maana yake ni kwamba kwa sekunde chache hizo viungo watatu wana nafasi ambayo hawaipati tena mpaka goli jingine lifungwe. Timu inayoshinda hapo hufika eneo la hatari kabla ulinzi haujajipanga.

Baada ya hapo kiungo hukimbia pande zote mbili. Anashuka kumsaidia mlinzi, anapanda kupokea, anarudi tena. Kilomita 12 hadi 15 kwa mechi ni jambo la kawaida, na sehemu kubwa si mwendo wa taratibu bali ni mbio fupi za ghafla zikifuatana.

Viungo wote ni wa aina moja?

Hapana. Kiungo wa ndani huishi kwenye msongamano: anaokota mpira chini, anapigwa mabega, anautoa kwa pasi ya ngumi. Kiungo wa nje hupokea mpira huo akiwa kasini na kuupeleka mbali kwa mguu. Wapo wanaofanya yote mawili, na hao ndio klabu huwajengea timu nzima.

Umbo halina sheria moja. Patrick Cripps wa Carlton ana urefu wa sentimita 195, na Lachie Neale wa Brisbane Lions ana 177. Wote wawili wameshinda Medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, mara mbili: Neale 2020 na 2023, Cripps 2022 na 2024. Cripps hutumia urefu wa mikono na uzito wa nyonga kusimama imara huku amekabwa. Neale huwahi mpira nusu hatua kabla ya mwingine na kuondoka kabla hajaguswa. Kocha anayemlazimisha kijana mfupi acheze kama Cripps anampotezea miaka.

Mtoto aanze lini, na ajifunze nini kwanza?

Auskick, mpango wa kitaifa wa watoto, hupokea kuanzia darasa la mwanzo kabisa. Lakini hakuna haja ya kuogopa kuchelewa. Scott Pendlebury, ambaye amechezea Collingwood mechi zaidi ya 400, alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu mwenye nafasi katika taasisi ya michezo ya taifa kule Canberra. Aliiacha akarudi kwenye futiboli, na nafasi yake ikaenda kwa Patty Mills, aliyefika NBA. Utulivu wa Pendlebury akiwa amezungukwa, ule unaofanya watu waone kana kwamba muda umesimama kwake, una alama za kikapu waziwazi. Kwa hiyo kikapu, raga, soka na riadha si muda uliopotea.

Cha kwanza kujifunza ni kuokota mpira chini kwa mguso mmoja. Watu wengi huanza na teke kwa sababu linapendeza, lakini kiungo asiyeokota vizuri hafiki hatua ya kupiga. Kunja magoti na nyonga pamoja, usiiname kwa mgongo peke yake. Weka mguu mmoja kando ya mpira, vidole vikielekea ardhini nyuma yake, na mwili uwe nyuma ya mikono ili mpira ukikuponyoka usikupite. Mpira huu una ncha mbili, unaruka ovyo. Mtoto anayesubiri uruke mpaka kifuani atakuta mwenzake ameshauchukua.

Teke sahihi linapigwaje, na kwa nini la mtoto wangu linayumba?

Teke la msingi ni lile la kudondosha, ambalo mpira huzunguka kurudi nyuma hewani na hivyo kunyooka na kudakika kwa urahisi.

1. Shika mpira uwe wima, ncha moja chini, nyuzi zikitazama mbele, vidole vimetandazwa ubavuni mwake kulia na kushoto.
2. Nyoosha kifua na mabega kuelekea unakolenga. Mpira uwe juu ya paja la mguu unaopigia, si katikati ya mwili.
3. Ushushe kwa mkono wa upande wa mguu huohuo, ukiachia karibu na usawa wa nyonga. Mkono mwingine huachia mapema na kwenda pembeni kukupa mizani.
4. Kifundo cha mguu kikiwa kimekazwa na vidole vimenyooka, gonga ncha ya chini kwa sehemu ya juu ya kiatu, penye kamba.
5. Mguu uendelee mbele kwenye mstari wa shabaha, usikate kuelekea upande mwingine.

Teke likiyumba, tatizo mara tisa kati ya kumi liko mkononi. Mpira umeachiwa juu mno, kwa hiyo umepata muda wa kulala kabla ya kugongwa, au umerushwa juu badala ya kushushwa. Dawa ni kupiga umbali wa mita 15 tu, polepole, mpaka mpira udondoke wima kila mara. Nguvu ziongezwe baadaye. Mita 15 pia ni kipimo cha maana kwenye kanuni: teke lisilofika hapo halimpi aliyedaka haki ya kusimama na kupiga bila kusumbuliwa.

Na mguu wa pili? Unahitajika. Kiungo wa ndani hana muda wa kugeuka ili apate mguu anaoupenda. Nusu ya mateke yote ya mazoezi ya watoto yawe ya mguu dhaifu, kwa umbali mfupi. Ukiahirisha mpaka miaka 17, mazoea yameshakomaa na kurekebisha ni kazi kubwa.

Na pasi ya ngumi?

Mpira hulala juu ya kiganja kimoja, ngumi ya mkono mwingine huugonga kwa nyuma. Kiganja kinachobeba hakiruhusiwi kuusukuma. Mwamuzi akiona umerushwa, ni faulo. Kosa la kawaida ni kuutoa mpira kwenye kiganja kabla ya ngumi kufika. Kosa la pili ni kufunga ngumi huku dole gumba liko ndani, na hapo dole ndilo linaloumia.

Njia kutoka klabu ya mtaa hadi AFL ikoje?

Katika jimbo la Victoria, vijana wenye vipaji huchaguliwa kwenye timu za kanda za ligi ya chini ya miaka 18, ambayo leo inaitwa Coates Talent League. Kule Australia Magharibi na Australia Kusini wanapitia timu za vijana za klabu za WAFL na SANFL, ligi za majimbo hayo. Juu ya hapo kuna mashindano ya taifa ya chini ya miaka 18 kati ya majimbo, ambako maskauti wa klabu zote 18 hukaa jukwaani.

Halafu inakuja Drafti ya Taifa, mwezi Novemba. Klabu huchagua kwa zamu, iliyomaliza chini kwenye msimamo ikianza. Kijana lazima awe ametimiza miaka 18 kabla ya mwaka huo kwisha. Hachagui klabu, klabu ndiyo inayomchagua, na kijana wa Melbourne anaweza kujikuta Perth, safari ya ndege ya takriban saa nne kutoka kwa mama yake. Familia zijiandae kwa hilo mapema, kwa sababu upweke wa mwaka wa kwanza umewarudisha wengi nyumbani.

Kuna njia mbili zinazokwepa bahati hiyo kwa kiasi. Mtoto ambaye baba yake alicheza mechi 100 au zaidi katika klabu fulani anaweza kuchukuliwa na klabu hiyo, nayo ikalipia kwa pointi za drafti (kila nafasi ya kuchagua ina thamani yake ya pointi) pale klabu nyingine inapomtaja. Ndivyo Nick Daicos alivyokwenda Collingwood mwaka 2021 na Will Ashcroft akaenda Brisbane mwaka 2022. Njia nyingine ni akademi za klabu, tutakazozigusa mwishoni.

Vipimo vya kabla ya drafti vinaangalia nini?

Mbio za mita 20, mbio za kilomita 2, kuruka juu ukiwa umesimama na ukiwa unakimbia, kukwepa vizuizi, na kukimbia mizunguko mifupi inayozidi kasi.

Kwa kiungo, chini ya sekunde 3.0 kwenye mita 20 ni nzuri. Kwenye kilomita 2, dakika 6 na nusu inakubalika, na wakimbiaji hasa hukaribia dakika 6 kamili. Ukiwa na namba hizi skauti atakutazama mara ya pili, lakini yeye hununua kile alichokiona kwenye mechi. Kijana anayetumia miezi mitatu ya mwisho kufukuza sekunde kwenye lami huku teke lake la kushoto bado linayumba amekosea mahesabu.

Akichaguliwa nafasi ya mbali, ndoto imekwisha?

Tazama orodha hii. Neale alichaguliwa na Fremantle mwaka 2011 akiwa namba 58. Nat Fyfe, kijana wa Lake Grace, mji mdogo wa mashamba, alikuwa namba 20 mwaka 2009, akaja kutwaa Brownlow 2015 na 2019. Cripps, wa Northampton huko huko Australia Magharibi, alikuwa namba 13 mwaka 2013. Namba moja nao wapo: Matt Rowell alikuwa wa kwanza kuchaguliwa mwaka 2019 na akatwaa Brownlow mwaka 2025. Namba ya drafti humpa kijana subira ya klabu kwa muda tu. Baada ya misimu miwili hakuna kocha anayeiangalia.

Kwa nini klabu haimuweki kijana katikati mara moja?

Kwa sababu tatu, na zote zina mantiki.

Mwili kwanza. Kijana wa miaka 18 hufika akiwa na kilo 75 au 80 na kukutana na wanaume wa miaka 27 walioinua vyuma kwa miaka kumi. Atapata mpira mara kadhaa, kisha ataanza kuangushwa, na mwezi wa tatu wa msimu bega au kinena kitalalamika.

Pili ni ustahimilivu. Tangu 2021 timu ina ruhusa ya mabadiliko 75 tu kwa mechi nzima, kutoka 90 ya miaka iliyotangulia. Kocha hawezi tena kumtoa kijana kila baada ya dakika nne apumue.

Tatu, makosa ya katikati hugharimu goli. Kwa hiyo kijana huwekwa pembeni, au nusu ya mbele, au nusu ya nyuma, ambako anauona mchezo wote ukiwa mbele yake. Gary Ablett mdogo alianza Geelong kama mshambuliaji mfupi mwaka 2002, akahamia katikati moja kwa moja mwaka 2007, na baada ya hapo akashinda ubingwa mara mbili na Brownlow mbili, 2009 na 2013. Christian Petracca alikosa msimu wote wa 2015 kwa goti, akacheza mbele kwa miaka kadhaa, na mwaka 2021 akawa mchezaji bora wa fainali kuu akiugusa mpira mara 39. Miaka ile ya mbele ilimfundisha namna mshambuliaji anavyotaka kupelekewa mpira.

Tunalisisitiza hili kwa sababu mashabiki hukasirika sana wanapoona kipaji "kinafichwa" pembeni. Mara nyingi hakifichwi, kinajengwa.

Mwaka wa mazoezi umepangwaje?

Mazoezi huanza Novemba, wadogo wakitangulia wakongwe. Kabla ya Krismasi kazi ni mbio ndefu na vyuma. Januari na Februari kasi huongezeka na mpira huchukua nafasi kubwa. Machi msimu unaanza. Kila timu hucheza mechi 23 kabla ya fainali, na fainali kuu huchezwa Melbourne kwenye uwanja wa MCG mwishoni mwa Septemba.

Kuongeza kilo 2 hadi 4 za msuli kwa mwaka ni lengo la busara. Klabu iliyojaribu kumwongezea kijana kilo 8 kwa mwaka mmoja huona mbio zake zikipungua na misuli ya nyuma ya paja ikichanika. Msimu ukiendelea hakuna kujenga tena, ni kulinda: vyuma mara mbili kwa wiki, mbio zikipimwa na kifaa cha setilaiti kinachowekwa mgongoni kati ya mabega. Kifaa hicho hakimwambii kocha nani ni mchezaji mzuri. Kinamwambia nani amekimbia kwa kasi kubwa kupita kawaida yake wiki hii, ili siku inayofuata apumzishwe kabla msuli haujasema wenyewe.

Sanaa ya mpira wa kuanzishwa ni nini? Mimi naona msongamano tu.

Hapa ndipo nyota hutofautiana na mchezaji wa kawaida, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mpira ukikwama, na mara nyingine ukitoka nje, mwamuzi huuanzisha upya. Ruki wawili hugombea, viungo wanazunguka. Timu nyingi hugawanya duara hilo kwa mfano wa uso wa saa: saa kumi na mbili ni upande wa goli unaloshambulia. Ruki na viungo hukubaliana kwa ishara kwamba mpira utapigwa, tuseme, saa nne. Kiungo mmoja hukimbilia hapo. Wa pili humzibia mpinzani njia kwa mwili, bila kumshika, kwa sababu kushika ni faulo. Wa tatu hubaki upande wa ulinzi, ili ruki wa wapinzani akishinda, kuwe na mtu wa kumkaba atakayepokea.

Makosa ya vijana hapa ni yaleyale:

Wanasimama wima miguu imelala chini. Asiyesogea wakati mpira uko hewani amechelewa. Hatua ndogondogo za vidole ndizo zinazokupa mita moja ya kwanza.

Wanautazama mpira peke yake. Mzoefu hutazama bega na mkono wa ruki, kwa sababu mkono ukielekea nyuma, mpira hauwezi kwenda mbele.

Wote watatu wanaufuata mpira. Akiupata mmoja, hakuna aliye nje wa kumpa, na mpira unakwama tena. Au anaupata mpinzani, na mlango wa nyuma uko wazi.

Wanashusha mikono wanapokabwa. Ukibana mpira tumboni huku umeshikwa na ulikuwa na nafasi ya kuutoa, mwamuzi anakupa hatia ya kung'ang'ania mpira. Mfano wa kuiga ni Cripps: anaposhikwa kiunoni huinua mikono juu ya mkabaji, mpira ukiwa huru, na kuutoa kwa ngumi kwa mwenzake anayepita. Kwa asiye na urefu wake, njia ni kuutoa mapema, kabla ya kushikwa.

Na kosa la mwisho: kuutoa kwa yeyote. Pasi ya ngumi ya mita moja kwa mwenzako aliyesimama na kukabwa inahesabiwa kwenye takwimu, lakini imemhamishia matatizo. Afadhali teke la haraka la mita 30 mbele, kuelekea pembeni mwa uwanja.

Basi nitazame namba zipi?

Mara ambazo mchezaji ameutoa mpira kwa mguu au ngumi ndiyo namba inayotajwa sana. Thelathini ni siku nzuri. Rekodi ni 54, ya Tom Mitchell wa Hawthorn dhidi ya Collingwood mwaka 2018, mwaka aliotwaa Brownlow.

Lakini kiungo anaweza kufika 30 akipokezana pasi fupi nyuma bila kumdhuru mtu. Tazama pia mara alizoupata mpira katika kugombania, mara alizoukwamua kutoka kwenye msongamano, mita alizousogeza mbele, mara alizouingiza ndani ya tao la mita 50 lililochorwa mbele ya goli, na mashambulizi ya kufunga aliyohusika. Kwa kijana wa mwaka wa pili, sisi tungeangalia mbili tu: mipira ya kugombania, na ukabaji. Hizo humwambia kocha kama mwili umefika. Ubora wa mateke huja baada yake.

Nyota akianza kufuatwa na mkabaji maalumu afanye nini?

Kila kiungo mkubwa hufika siku ambayo mpinzani mmoja amepewa kazi ya kumfuata yeye tu. Wengi huvunjika moyo mwaka huo wa kwanza wa kufuatwa.

Yapo mambo yanayosaidia. Abadilishe pahala anaposimama kila mpira unapoanzishwa. Wenzake wamzibie mkabaji, na hili ni jukumu la timu, si lake. Aende mbele kucheza karibu na goli kwa dakika tano au sita, kwa sababu mkabaji mzuri wa katikati mara nyingi si mlinzi mzuri. Na akitoa pasi ya ngumi aendelee kukimbia, kwani mkabaji hupumzika jicho mara mpira unapoondoka. Kisichosaidia ni kusukumana. Mkabaji anataka hasira hiyo, na kufungiwa mechi moja hukuondoa kwenye Brownlow ya mwaka mzima.

Majeraha gani hurudisha safari nyuma?

Msuli wa nyuma ya paja ukichanika kidogo ni wiki tatu au nne, na hatari kubwa ni kurudi wiki moja kabla ya wakati. Kigimbi kinafanana. Bega likiteguka mara ya pili, upasuaji hufuata. Kano ya mbele ya goti ikikatika ni miezi 9 hadi 12. Maumivu ya kinena yanayojirudia kwa vijana ni ishara ya mbio nyingi kupita umri, na tiba yake ni kupunguza mzigo, si sindano.

Mtikisiko wa ubongo una sheria yake: kwenye AFL mchezaji harudi mechini kabla ya siku ya 12, na kwenye futiboli ya mitaani na ya vijana ni siku 21. Mzazi asikubali kocha yeyote kupunguza siku hizo.

Rowell ni somo zuri hapa. Mwaka 2020, akiwa na miaka 18, waamuzi walimpa kura za juu katika mechi tatu mfululizo za mwanzo. Mechi ya tano bega likateguka, msimu ukaisha. Msimu uliofuata goti likaumia mechi ya kwanza kabisa. Kasi ile ya mwanzo haikurudi upesi, na watu waliokuwa wamemwita bora wa kizazi wakanyamaza. Alijijenga upya kama kiungo wa ndani mwenye ukabaji mkali, na mwaka 2025 akapata kura 39. Ashcroft naye alipasua kano ya goti Julai 2023, na akawa mchezaji bora wa fainali kuu mwaka 2024 na tena 2025.

Brownlow huamuliwaje, na kwa nini viungo huitawala?

Baada ya kila mechi ya msimu wa kawaida, waamuzi wa uwanjani hutoa kura 3, 2 na 1 kwa wachezaji watatu bora. Fainali hazihesabiwi. Medali ilianza 1924. Waamuzi hukimbia karibu na mpira, na viungo wako hapo muda wote. Mlinzi aliyemdhibiti mshambuliaji dakika 100 huonekana kidogo. Rekodi ni kura 45 za Cripps mwaka 2024, wakati rekodi ya awali ilikuwa 36.

Nidhamu inauma kweli. Mwaka 1997 Chris Grant alipata kura nyingi kuliko wote, lakini alikuwa amefungiwa mechi moja, na medali ikaenda kwa Robert Harvey wa St Kilda.

Bora wa fainali kuu hupata Medali ya Norm Smith. Dustin Martin wa Richmond ndiye pekee aliyeitwaa mara tatu, 2017, 2019 na 2020, na mwaka 2017 aliunganisha medali zote mbili na ubingwa.

Mkataba na kuhama klabu kukoje?

Klabu zote zina kikomo cha jumla ya mishahara, kwa hiyo nyota mmoja akilipwa zaidi, wengine hubanwa. Walio juu kabisa hupita dola milioni 1 za Australia kwa mwaka. Mkataba wa kwanza wa kijana ni mdogo na wa muda maalumu. Mkubwa hujadiliwa baada ya msimu wa nne au wa tano, ndiyo maana miaka hiyo ina uzito.

Kuhama hufanyika Oktoba, kwa kubadilishana wachezaji au nafasi za drafti. Neale aliondoka Fremantle kwenda Brisbane mwishoni mwa 2018, na Patrick Dangerfield akaondoka Adelaide kwenda Geelong, karibu na kwao, mwishoni mwa 2015, akatwaa Brownlow msimu uliofuata. Tangu 2012 kuna pia uhuru wa kuhama: baada ya miaka 8 katika klabu moja mchezaji anaweza kupokea ofa huku klabu ikiwa na haki ya kuilinganisha ikiwa ni miongoni mwa wanaolipwa zaidi, na baada ya miaka 10 huwa huru kabisa.

Baada ya miaka 30?

Kasi ya kwanza hupungua, macho hubaki. Wengi husogezwa nusu ya nyuma, ambako pasi sahihi ina thamani kuliko mbio, au mbele. Dangerfield, akiwa na miaka 35, alicheza zaidi mbele katika Geelong iliyofika fainali kuu ya 2025. Anayekataa kusogea humaliza mapema.

Wasichana wana njia hiyohiyo?

Ndiyo, kwa jumla. AFLW ilianza 2017, ina wachezaji 16 kila upande na drafti yake. Kukiwa na watu wachache uwanjani, kiungo mwenye teke refu hupata faida kubwa zaidi.

Sisi ni familia kutoka Afrika Mashariki tunaoishi Australia. Tuanzie wapi?

Mfano upo tayari: Aliir Aliir, mlinzi wa Port Adelaide aliyechaguliwa kikosi bora cha mwaka 2021, alizaliwa Kakuma, Kenya, kwa wazazi kutoka Sudan. Alianza mchezo huu akiwa kijana, si mtoto mdogo. Kwa upande wa wanawake, Akec Makur Chuot alipitia Kakuma kabla ya kucheza AFLW.

Anza na klabu ya mtaani. Usajili wa vijana hufanyika kabla ya Aprili, na klabu nyingi hupunguza ada kwa familia zinazoomba, kwa hiyo ombeni. Vifaa ni viatu vya njumu, kaptula, soksi na kinga ya meno. Kinga ya kuchemshwa na kuumwa nyumbani inatosha kwa kuanzia. Kisha waulizeni viongozi kuhusu akademi ya klabu ya AFL inayohusika na eneo lenu, kwani akademi hizo zina nafasi kwa vijana wa asili ya Afrika na Asia na wa jamii za wenyeji wa asili. Masharti ya kujiunga hubadilika, hivyo yathibitisheni kabla kijana hajafikisha miaka 15, na hakikisheni jina lake limeandikishwa rasmi, si kwa ahadi ya mdomo. Shule isiachwe: Dangerfield alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu mwaka 2008 akiwa bado anamalizia kidato cha mwisho, na klabu ilimruhusu abaki kwao Victoria amalize masomo.